Mbona vitalu vya Malindi havina mkadi?

Jumamosi nilizunguka vitalu vitatu kando ya barabara ya Malindi kwenda Gede nikiulizia mche wa mkadi. Cha kwanza nilioneshwa bogenvilia. Cha pili, bogenvilia ya rangi nyingine. Cha tatu, kijana aliyekuwa akimwagilia aliweka mpira chini, akacheka. "Mama, mkadi unajiotea huko ufuoni. Nani atatoa pesa yake kununua?"

Mimi hapa, nikamwambia. Tukacheka sote wawili, lakini nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa mkadi. Husimama mchangani karibu na maji ya chumvi, mizizi yake ya juu imeunyanyua kama dungu la kuwingia ndege. Chumvi haiuui, kusi haliung'oi. Na ua la mkadi dume, ile kadi inayonukia, ndilo mama zetu walilochanganya na asmini na rihani kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia. Leo hoteli ikijengwa ufuoni, kazi ya kwanza ni kufyeka "kichaka", mikadi ikiwemo, kisha zinapandwa nyasi za kumwagiliwa asubuhi na jioni. Haya, katika mji unaongojea maji ya bomba kutoka mitambo ya Baricho na mifereji yake hukauka bila taarifa. Hesabu hiyo hainiingii kichwani.

Si kwamba nachukia mimea ya kuja. Bogenvilia ni ya Amerika ya Kusini, mkrismasi umetoka Madagaska, mwarobaini Bara Hindi, na vivuli vyake tumevikalia tangu utoto. Hata asmini ya bibi yangu asili yake ni Asia, na atakayeigusa tutagombana. Ninacholilia ni kitalu kizima kisicho na mche hata mmoja wa hapa.

Mwenye kitalu naye ana hoja yake. Kijiti cha bogenvilia ukikichomeka kwenye mchanga na samadi, haipiti miezi mingi kina maua na kina mteja. Mtapo, mmea wetu wa porini wenye majani kama ya mnazi, hukua kwa taratibu yake, na kodi ya kiwanja haingoji. Ndiyo maana wako wanaokata njia: wanaingia porini, wanang'oa mtapo, au waridi la jangwani lenye shina lililonenepa kwa miaka mingi, wanautia kwenye ndoo na kuuita mmea wa kienyeji. Huo ni wizi wenye maua. Mtapo wetu wa porini umo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ile kali kuliko zote. Ikiwa mmea wa asili utapatikana kwa jembe la usiku, basi nibakishieni bogenvilia.

Na si lazima iwe hivyo, kwa maana ujuzi wa kuotesha tunao. Pale Gede, tangu 1993, mradi wa Kipepeo umekuwa na wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanaofuga vipepeo wa kuuza nje. Kiwavi hali kila jani, anataka la kwao, kwa hiyo mkulima hana budi kuotesha miti ya msituni nyumbani kwake. Watu hao wangeuza miche pia, wakipata mnunuzi.

Soko nalo lisitushinde kuliona. Saintpaulia, kile kiua cha zambarau kwenye madirisha ya Ulaya, alikichukua Mjerumani huko Usambara mwaka 1892, na jamaa ya kiua hicho huota kwenye miamba ya Cha Simba, papa hapa Kilifi. Wenzetu wanakiuza zaidi ya karne sasa. Sisi bado tunaulizana nani atanunua.

Nimeanza na mbambakofi, mti wa asili wa hapa kwetu, kwa kuwa mkadi nimeukosa. Jirani alinipa mbegu tano za shambani kwake, nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu. Nikazisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka ganda likachubuka, nikaziloweka usiku kucha, nikazipanda kwenye galoni la mafuta nililolikata. Tatu zimeota. Yule kijana amesema nikimpelekea mche mmoja atauweka mbele kabisa, karibu na barabara, aone kama kuna gari litakalosimama.