Mafunzo ya majanga ng'ambo: kosa ni la aliyesoma?

Afisa akirudi kutoka kozi ya kupunguza hatari za maafa, iwe alikuwa Japani au Ulaya, hurudi na vitu vitatu: cheti, kitabu kinene na mpango kazi. Cheti hutundikwa ukutani. Kitabu hupanda juu ya kabati na kukaa karibu na birika la chai. Kinachofuatiliwa ni mpango kazi. Miezi kadhaa baadaye baruapepe huja kuuliza umetekelezwa kiasi gani, majibu hukusanywa, na ripoti ya tathmini husema yale yale: washiriki waliridhika, walijifunza mengi, utekelezaji ni hafifu. Hapa Nairobi sentensi hiyo ya mwisho tunaifasiri haraka. Wamekula marupurupu, wamepiga picha, wamerudi.

Siwezi kuwalaumu wanaofasiri hivyo. Nani huchaguliwa kwenda? Mara nyingi ni mtu wa mkubwa, au mzee aliyebakisha miaka miwili astaafu na anayehitaji zawadi ya kuagwa. Dereva wa gari la zimamoto hapelekwi. Na huko darasani siku nzima inaweza kuishia kwenye tsunami, wakati mtu wa Nairobi hufa kwa maji ya mto ulioingia sebuleni, kwa moto au kwa ghorofa lililomwangukia. Masika ya 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 250 kote nchini. Mathare na Mukuru, mitaa ya mabanda ya hapa Nairobi, watu walikesha wakiwa wameshikilia watoto na magodoro, ilhali Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza mapema kwamba mvua ingezidi kawaida. Aliyepoteza nyumba ana haki ya kuuliza wale tuliowasomesha walikuwa wapi.

Wapinzani wa mafunzo haya wana takwimu yao moja wanayoipenda, na naikubali kuwa ni nzito. Tetemeko la mji wa Kobe, Japani, la Januari 17, 1995 liliua watu 6,434. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya watu kama 35,000 walionaswa chini ya vifusi, 27,000 hivi walitolewa na jamaa na majirani. Hawakutolewa na zimamoto, polisi wala jeshi. Wakishaitaja hiyo huongeza Bangladesh: kimbunga cha 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kufika 300,000 au zaidi, mpango wa wajitoleaji wa vijijini ukaanza 1972, na kimbunga Sidr cha 2007 kikaua kama 3,400. Basi, wanasema, nauli ya ndege ya afisa mmoja ingenunua kamba, filimbi na viatu vya mpira vya kundi zima la vijana wa Mathare. Kwa nini tumpeleke mtu mbali akajifunze kwamba mwokozi wa kweli ni jirani?

Nimeizungusha takwimu hii ya Kobe kichwani kwa muda mrefu, na kila nikiizungusha inanipeleka mahali pengine.

Nyumba nyingi zilizoanguka Kobe zilikuwa kuukuu, za mbao, zenye vigae vizito juu. Jirani mwenye msumeno, mtaimbo na jeki ya gari anaweza kuinua boriti na kumtoa mtu. Sasa niambie jirani wa Huruma, mtaa wa maghorofa hapa Nairobi, atainua nini. Usiku wa Aprili 29, 2016, ghorofa lilipoanguka pale, majirani walifika wa kwanza, kama wa Kobe, wakachimba kwa mikono na kusikia sauti chini yao. Lakini zege lililolaliana tabaka juu ya tabaka haliinuliwi kwa moyo mwema. Linataka mtu anayejua pa kukata, pa kuegemeza nguzo, na wakati wa kuzima mashine ili kila mtu anyamaze na kusikiliza. Zoezi lilichukua siku nyingi, na waliokufa walikuwa kama 50. Hesabu ile ile ya Kobe ikifanyiwa Huruma, Pipeline au Zimmerman, ambako kibali kikitolewa cha ghorofa tano zinajengwa nane, jirani hatatoa watu wanne kati ya kila watano. Hata nusu nina shaka. Kadiri mji unavyopanda juu ndivyo fungu la jirani linavyopungua na la aliyefunzwa linavyokua. Takwimu inayotumiwa kuwadharau wataalamu, ukiileta Nairobi, inawaombea kazi.

Halafu kuna jambo ambalo halitajwi. Lile jengo la Huruma lilikuwa limeshaorodheshwa la kubomolewa. Kuna mtu alifika, akaliangalia, akajua litaanguka, akaandika. Ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni mkono wa kuwatoa wapangaji na kumkabili mwenye nyumba. Ukimpima mkaguzi yule kwa swali la asilimia ya utekelezaji, utamkuta amefeli, na utapendekeza arudishwe darasani.

Hapo ndipo naona tathmini nyingi zinakosea. Watu wa mafunzo wana ngazi zao nne za kupima, alizozianzisha Donald Kirkpatrick mwaka 1959: je, waliipenda kozi, walijifunza, walibadili utendaji kazini, na matokeo yalikuwa nini. Ngazi mbili za kwanza mshiriki anazimudu mwenyewe. Ya tatu na ya nne ni za bosi wake, bajeti, mahakama na siasa za ardhi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeiweka shughuli ya majanga kwa serikali kuu na kwa kaunti pia, kwa hiyo maji yakija kila mmoja humtazama mwenzake. Lakini fomu humfuata yule yule mwenye cheti.

Namjua afisa mmoja, kaunti yake nitaiacha, aliyekwenda Japani wiki sita. Mpango kazi wake ulikuwa kurasa nne tu: nguzo zilizochorwa vipimo kando ya mto mmoja, watu kumi na wawili wa kuzisoma usiku wa mvua, na namba moja ya simu ya kuwaamsha walio bondeni. Akarudi, akauwasilisha, akaambiwa asubiri bajeti ya nyongeza. Kabla bajeti haijapita akahamishiwa idara ya masoko. Fomu ya tathmini ilimkuta huko.

"Wameuliza asilimia, nikajaza sifuri," aliniambia. "Ningefanyaje, ndugu yangu? Mto si wangu tena."

Uhamisho huu sijauona ukichukuliwa kwa uzito unaostahili. Unafundisha mtu mafuriko, kisha barua ya mstari mmoja inampeleka kutoza ushuru wa vibanda. Kwenye ripoti mtu huyo huhesabiwa kama hasara. Ofisi aliyotoka huhesabiwa kuwa haina aliyefunzwa, na ni kweli haina. Ofisi aliyokwenda haihesabiwi kabisa, kwa sababu mtathmini hakuja kuangalia soko.

Mimi nilikwenda. Soko ni la mitumba, vibanda vya mbao na nailoni, nyaya za stima zimening'inia kama kamba za kuanikia nguo. Anayekumbuka soko la Gikomba, Nairobi, Juni 2018, watu 15 walipokufa kwa moto wa usiku, hahitaji kuelezwa hatari ya mahali kama hapo. Bwana huyu alipima kwa hatua zake upana wa gari la zimamoto, akavuta kamba ya katani kutoka langoni hadi kwenye bomba la maji, akapaka mistari miwili ya rangi nyeupe, kisha akakaa na wenye vibanda wiki tatu akiwabembeleza warudishe meza nyuma. Hakuomba bajeti. Rangi alinunua mwenyewe. Nilipomuuliza wazo alilitoa wapi, alisema waalimu wake waliwatembeza kwenye vichochoro vya mji wa zamani wakiwa na kipande cha chaki mkononi, wakitia alama kila mahali gari litakapokwama. Hicho ndicho alichokumbuka katika wiki sita. Slaidi zote alikuwa ameshazisahau.

Je, hilo linatosha kuhalalisha gharama? Peke yake, hapana. Mchujo wa wanaokwenda umeoza, na wafadhili wakiendelea kuwaachia wakubwa waandike majina, wataendelea kupata watu wa wakubwa. Ningependa waende wawili wawili kutoka ofisi moja, mmoja wao akiwa anayeshika bajeti au anayeshika usukani. Ningependa pia barua ya uteuzi iseme aliyefunzwa hahamishwi kabla ya miaka mitatu, na akihamishwa aliyetia sahihi ndiye ajaze ile fomu. Na anayepima amfuate mtu, asiishie kwenye dawati aliloliacha.

Wiki iliyopita nilipita tena pale sokoni. Mistari imefifia na mikokoteni miwili ilikuwa imeegeshwa juu yake. Mama mmoja muuza mashuka alitoka nje akawafokea wenye mikokoteni waitoe. Nilimuuliza kwa nini, nikitarajia anieleze habari za moto. "Hapo ni kwa Mjapani," akasema, akarudi kwenye mashuka yake.