Mjomba hachinji tena

Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mchinjaji wa mtaa wetu hapa Langoni, Lamu. Idd ya kuchinja ikifika, nyumba saba nane zilimngojea yeye na kisu chake. Tangu arudi kutoka vitani Somalia na kustaafu jeshi, hashiki kisu. Mwaka jana alimlaza mbuzi, akamwelekeza kibla, kisha akamwachia kijana wa jirani, akaenda kukaa forodhani mpaka laasiri. Hakuna aliyemuuliza. Kwetu askari akirudi huulizwa kaja na nini.

Ndiyo maana Ajax alinishtua. Ni shujaa wa tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa kale, ya zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Achilles, shujaa mwenzake, kafa kwenye vita vya Troy, silaha zake kapewa mwenzao Odysseus. Ajax akaona kadharauliwa, akatoka usiku kwenda kuwaua makamanda wake mwenyewe. Athena, mungu wao wa kike, akamtia wazimu, akachinja ng'ombe na kondoo akidhani ni watu. Akili ilipomrudia, aibu ilimmaliza kabla ya upanga aliojiua nao. Na Sophocles hakuvijua vita kwa kusikia tu, maana aliwahi kuwa jenerali wa Athens.

Mwaka 2008 Mmarekani Bryan Doerries aliipeleka tamthilia hiyo kwa wanajeshi wa Marine mjini San Diego. Waigizaji walisoma tu, hapana mavazi wala mapambo. Shabaha ilikuwa mazungumzo ya baadaye. Yalipangiwa dakika 45, yakapita saa tatu. Na aliyefungua mdomo kwanza hakuwa askari. Alikuwa mke wa askari, akasema mumewe kila akirudi vitani huburuta maiti zisizoonekana mpaka ndani ya nyumba.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wazungu, sisi tuna dua na kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa. Sina ugomvi na kombe, nimelinywa mara nyingi. Lakini mtu wa Lamu ndiye wa kufundishwa kusema lake kwa kinywa cha mwingine? Mwanamke wa huku akitaka kumjibu jirani, leso humsemea. Na kisiwa jirani cha Pate walitunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, vita vya mbali ambavyo mtunzi hakuviona kwa macho. Ajax naye ni fumbo. Hutaulizwa wewe ulimuua nani, utaulizwa Ajax alikosea wapi.

Basi asomwe kwa Kiamu, lahaja yetu, barazani, baada ya isha, na mtu anayejua kughani. Ikija kama semina, na bango na posho ya nauli, imekufa.

Nilimjaribu mjomba. Jioni moja nilikaa naye barazani kwake nikamsimulia. Ndani, mkaza mjomba alikuwa kakalia mbuzi anakuna nazi. Nilipofika kwa wale kondoo, mkwaruzo ukakatika. Mjomba aliangalia makubazi yake kitambo.

"Ana mke huyo?"

"Anaye, mjomba. Tecmessa. Na mtoto mdogo."

Akanyamaza. Sauti iliyokuja ilitoka ndani.

"Huyo mtoto, mamake alimtoa mapema, au alingoja mpaka baba atulie?"

Hapo nilikuwa sijafika.

"Alimtoa, mkaza mjomba. Mume akiwa bado na wazimu."

Nazi ikaanza kukunwa tena.