Nani aliyetunga maswali?

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema alama za vipimo vya akili hazina upendeleo kwa kuwa ni namba tu. Hapo ameniacha njiani. Namba haijitungi yenyewe.

Mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet na mwenzake Simon walipotoa maswali yao ya kupima akili Paris mwaka 1905, shabaha ilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Basi. Binet mwenyewe aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu haiongezeki. Kipimo kilipovuka bahari hadi Marekani kikageuzwa mizani ya kupanga watu kwa tabaka na rangi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, makuruta wa huko wasiojua kusoma Kiingereza walipewa karatasi za picha, waoneshe kilichopungua. Picha mojawapo ni uwanja wa tenisi usio na wavu. Hebu fikiria mhamiaji aliyekulia shambani, tenisi hajaisikia hata kwa jina, anaikodolea macho picha ile huku muda unayoyoma. Anaandikiwa akili pungufu! (Waliotunga, sidhani kama tenisi ilikuwa ngeni kwao.)

Kinachonikera zaidi ni hiki: kipimo cha Stanford-Binet, yaani toleo la Kimarekani la kipimo cha Binet, kilipofanyiwa marekebisho mwaka 1937, maswali yaliyowatenganisha mno wavulana na wasichana yaliondolewa, alama za jinsia zote mbili zikakaribiana. Kumbe inawezekana! Lakini pengo la watoto wa wenye nacho na wa wasionacho likaachwa palepale, na wengi wakaliita maumbile.