Ramani ya Usangu ilikaguliwa na nani?

Kabla ya Usangu, tuanzie mbali. Barafu ya bahari kule Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, inapimwa kwa setilaiti mfululizo tangu mwishoni mwa 1978. Kule kuna miezi ya giza na mawingu hayaishi, kwa hiyo picha ya kawaida haitoshi. Chombo hupokea mawimbi ya maikrowevu yanayotoka kwenye uso wa bahari, na ya barafu hayafanani na ya maji. Ramani hugawanywa katika vipande vya kilomita 25 kwa 25. Mbalizi mpaka Uyole pale Mbeya, na foleni yake yote ya malori, pangeenea ndani ya kimoja. Kikiwa na barafu asilimia 15 au zaidi, kinahesabiwa kuwa cha barafu.

Kipimo hiki ni butu, na wapimaji wanasema hivyo wenyewe. Kiangazi barafu ikianza kuyeyuka hufanya madimbwi juu yake, na chombo huyasoma kama bahari tupu. Ndiyo maana wanalinganisha na picha kali zaidi, na taarifa za ndege na meli. Februari 2009 kituo cha Marekani cha takwimu za theluji na barafu, NSIDC, kilitangaza kwamba kihisi cha setilaiti kimeharibika, na takwimu zimeipunja barafu takriban kilomita za mraba 500,000. Wakahamia setilaiti nyingine, wakasahihisha. Niliposoma hilo ndipo nilipoanza kuwaamini.

Sasa njoo Usangu, bonde la Mbarali mkoani Mbeya. Ramani ya ardhioevu inabandikwa ukutani kikaoni, rangi zinapendeza, na wakulima na wafugaji wanaonyeshwa wapi si pao. Lakini piga picha Mbarali mwezi wa pili, majaruba yamejaa maji na mpunga ndiyo kwanza umepandikizwa: kutoka angani ni rahisi kuyadhania kinamasi cha Ihefu. Rudi Septemba, ni vumbi na mabua. Mufindi, Iringa, nako, shamba la misonobari lililovunwa huonekana kama msitu uliofyekwa, kumbe miche imesharudishiwa (na mwenyewe pesa keshakula).

Setilaiti siipingi, nani angeizunguka Usangu yote kwa miguu? Ila ramani ije na maelezo: picha ni za mwezi gani, sehemu ngapi zilikwenda kukaguliwa, ngapi zilikutwa tofauti. Wataalamu jedwali la hesabu hizo wanalijua vizuri, tena huliweka kwenye ripoti. Kikao cha kijiji ndiko lisikofika. Na wanaokwenda kukagua waongozane na wachungaji, maana hao wanajua maji yanaishia wapi mwezi wa tatu. Kama ramani imekosea sehemu 20 katika kila 100, iandikwe hivyo hivyo, kwa Kiswahili, kabla mtu hajaambiwa ahame.