Ruba ni Mfua Maji, si Fundi wa Chombo

Mwezi uliopita mjomba wangu, mkazi wa Langoni hapa Lamu, alinirushia sauti ya WhatsApp iliyokuwa imeshapita simu nyingi kabla ya kufika yake. Mtu aliyejiita tabibu alikuwa akitangaza mjini Malindi tiba ya ruba, yule mnyonya damu wa madimbwini. Aliyataja maradhi kwa pumzi moja: goti, presha, kisukari, kidonda kisichopona, nguvu za kiume. Akamalizia kwa kusema kuwa hata hospitali kubwa za Marekani na Ulaya zinatumia ruba siku hizi. Mjomba ana kisukari cha miaka mingi na goti lililosagika. Aliniuliza maneno mawili tu: "Mwanangu, kweli?"

Mimi ni muuguzi, na alitaraji nimjibu ndiyo au la. Sikuweza, kwa sababu ile sentensi ya mwisho ya tabibu ni kweli. Ruba wamo hospitalini. Linalotakiwa kupimwa ni wamo kwa kazi gani, na kama kazi hiyo ina uhusiano wowote na goti la mjomba.

Chukua seremala aliyekatwa kidole na msumeno wa mashine. Akimfikia daktari mwenye ujuzi wa kuunga mishipa chini ya hadubini, kidole kinaweza kurudishwa. Ateri, inayoleta damu, ina ukuta mnene unaoshika uzi. Vena, inayoirudisha damu, ni laini, hubonyea, na damu huganda ndani yake upesi. Basi mara nyingine damu huingia kidoleni ikakosa pa kutokea. Kidole huvimba, hugeuka zambarau, na kisipopata nafuu mapema hufa, kazi yote ya daktari ikaenda bure. Hapo ndipo ruba anapowekwa. Taya zake tatu huchanja alama ndogo ya miale mitatu, hunywa mililita 5 hadi 15 kwa nusu saa au zaidi kidogo, kisha huanguka mwenyewe akishashiba. Faida kubwa huja baada ya hapo: mate aliyoyaacha huzuia damu isigande, na jeraha huendelea kuvuja kwa saa nyingi. Hurudiwa hivyo kwa siku kadhaa, mpaka mwili uoteshe vena ndogo mpya.

Mtu wa Lamu hapati taabu kulielewa hili. Chombo kinapovuja njiani, mmoja hukaa ngamani, chini kabisa ya chombo, akifua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, huku mwenzake akihangaika na kalafati, kuziba nyufa za mbao. Mfua maji haokoi chombo peke yake, lakini bila yeye fundi hapati nafasi ya kumaliza kazi. Ruba ni mfua maji. Anaupa mwili muda.

Ushahidi wa kazi hiyo upo. Mwaka 1960 madaktari wawili wa Ljubljana, Derganc na Zdravic, waliandika jinsi walivyotumia ruba kuokoa vipande vya ngozi na nyama vilivyohamishwa kufunika majeraha. Mwaka 1985 daktari Joseph Upton wa Boston aliunga tena sikio la mtoto lililong'olewa na mbwa. Lilipoanza kubadilika rangi aliagiza ruba kutoka ng'ambo, na sikio likapona. Mwezi wa Juni 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kampuni ya Ufaransa, Ricarimpex, kuuza ruba nchini humo. Iliwaingiza kwenye kundi la vifaa vya tiba, wala si dawa, na ruhusa yenyewe ilihusu damu iliyotuama kwenye ngozi na viungo vilivyopandikizwa. Goti halimo humo. Kisukari hakimo.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikusanya wagonjwa 277 waliowekewa ruba baada ya upasuaji wa namna hii, na takriban asilimia 78 viungo vyao viliokoka. Ni idadi ya kutia moyo, ingawa naipokea kwa tahadhari. Nyingi ya hizo ni taarifa za madaktari kuhusu wagonjwa wao wenyewe, na daktari huwa mwepesi zaidi kuandika alipofaulu kuliko aliposhindwa. Kuwagawa wagonjwa makundi mawili, hawa ruba na hawa wasipewe kitu, ilhali kidole kinakufa mbele ya macho yako, ni jambo ambalo ni vigumu mwenye dhamiri kulikubali. Kwa hiyo ushahidi bora zaidi huenda usipatikane kamwe, na sidhani hiyo ni sababu ya kuikataa tiba.

Mapitio hayo hayo yanasema karibu nusu ya wagonjwa walihitaji kuongezewa damu. Hilo lisomwe polepole na kila mtu wa Pwani. Huku kwetu damu ya mgonjwa mara nyingi hutafutwa kwa kupigia ndugu simu. Tuna malaria, tuna minyoo ya safura, tuna watoto na watu wazima wenye seli mundu. Wengi tunaowaona barazani wakiwa wazima wa afya wana upungufu wa damu wasioujua. Kumwekea ruba mtu wa hivyo chumbani, pasipo kupimwa damu kwanza, ni kumchukulia alichopungukiwa.

Lipo pia suala la vimelea. Ndani ya tumbo la ruba huishi bakteria wa jamii ya Aeromonas, wanaomsaidia kuihifadhi na kuisaga damu aliyokunywa. Kwake ni wenzake. Jerahani mwa binadamu huleta usaha, na mara nyingine hueneza sumu mwilini. Ndiyo maana hospitalini mgonjwa hupewa antibiotiki kabla ruba wa kwanza hajamgusa, na hata antibiotiki hizo zimeanza kushindwa na baadhi ya bakteria hao. Sisi tulifundishwa utotoni kumtoa ruba kwa chumvi, tumbaku au kijinga cha moto. Wodini hilo ni mwiko: ruba akishtuliwa hutapika, na matapishi yake huingia kwenye jeraha. Huachwa ashibe. Akishamaliza huuawa ndani ya spiriti na kutupwa pamoja na taka za hatari, wala hawekewi mgonjwa wa pili.

Niliisikiliza tena ile sauti nikitafuta mambo hayo. Hakuna mahali aliposema ruba wake wanatoka wapi, wala wanakwenda wapi baada ya kikao. Ruba aliyevuliwa kwenye dimbwi wanaponywa ng'ombe, au aliyemnyonya jana mtu mwenye homa ya ini, kwa macho hatofautiani na ruba aliyefugwa maabara na kukaa miezi bila kula.

Lakini sitaki kuwa miongoni mwa wanaosikia neno "ruba" wakacheka. Wenye kicheko hicho hawajui kilichopatikana kwenye mate ya mdudu huyu. Mwaka 1884 John Berry Haycraft aligundua kuwa ruba ana kitu kinachozuia damu kuganda. Kitu hicho kikaitwa hirudini, na katika miaka ya 1950 Mjerumani Fritz Markwardt alifanikiwa kukitenga peke yake. Kutokana na hirudini kukatengenezwa dawa za sindano. Mojawapo, lepirudini, iliwafaa wagonjwa waliodhuriwa na dawa ya kawaida ya kuzuia damu kuganda, ijapokuwa iliondolewa sokoni mwaka 2012. Nyingine, bivalirudini, iliyotengenezwa kwa kuiga umbo la hirudini, hutumiwa na madaktari wa moyo wanapozibua mishipa. Bibi aliyemwekea mjukuu wake ruba kwenye jipu hakuwa mjinga. Alishika ncha ya uzi ambao maabara waliufuata baadaye hadi mwisho.

Ulaya nayo ilishawahi kuupotosha uzi huo. Mnamo miaka ya 1830 daktari François Broussais wa Paris alifundisha kuwa karibu kila ugonjwa chanzo chake ni uvimbe wa tumbo na utumbo, na dawa yake ni ruba. Mwaka 1833 peke yake Ufaransa iliagiza ruba zaidi ya milioni 40 kutoka nje. Watu dhaifu walinyonywa mpaka wakadhoofika zaidi, na madimbwi yakamalizwa ruba nchi kwa nchi. Hadi leo ruba wa tiba wa Ulaya wamo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kuwavusha mipaka kunahitaji vibali. Sauti niliyotumiwa na mjomba ina kauli ile ile ya Broussais: dawa moja, maradhi yote.

Sasa goti. Hapa upande wa tabibu una hoja, na itakuwa dhuluma kuificha. Mwaka 2003 watafiti wa Essen, Ujerumani, wakiongozwa na Andreas Michalsen, waliwagawa kwa kura wagonjwa 51 wa goti lililosagika. Kundi moja liliwekewa ruba wanne hadi sita kwa kikao kimoja tu, jingine likapaka diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku. Siku ya saba waliowekewa ruba walikuwa na maumivu machache kwa tofauti kubwa. Baadaye tofauti ya maumivu ilififia, ila ukakamavu wa goti na uwezo wa kulitumia viliendelea kuwa bora kwa upande wao hadi miezi mitatu. Kasoro kubwa ni kuwa kila mgonjwa alijua amepewa nini. Mtu aliyewekewa ruba wanne gotini, akawatazama wakivimba, hutarajia kupona kuliko aliyepewa mafuta ya kupaka, na matarajio hupunguza maumivu kweli. Wagonjwa 51 nao ni wachache.

Hata hivyo namwelewa mjomba. Kwa miaka amekuwa akimeza diklofenaki za dukani, vidonge vinavyochubua tumbo na kuumiza figo, na figo za mwenye kisukari tayari ziko hatarini. Anapotafuta njia ya kuachana navyo ana haki, na sisi wa hospitali tusimjibu kwa kumkemea ilhali tulichomwandalia ni vidonge vile vile. Pangekuwepo kliniki inayopima damu kwanza, yenye ruba wa kufugwa wanaotumiwa mara moja tu, na daktari wa kukimbiliwa jeraha likikataa kukauka, ningemwambia goti ni jambo la kuzungumzika. Kliniki hiyo siijui hapa Lamu wala Malindi.

Mguu wa kisukari ni habari nyingine kabisa, na hapa sina subira. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari mara nyingi hakiponi kwa sababu damu haifiki: ateri zimebana na mishipa ya fahamu imekufa. Ruba hutoa damu iliyokosa njia ya kurudi. Ukimweka mahali ambapo damu haifiki, unafua maji kwenye chombo kilichokwama mchangani. Unaongeza jeraha jipya kwenye nyama isiyo na uwezo wa kupona, na unaliingizia bakteria. Miguu mingi hukatwa kwa kuchelewa, na mwezi mmoja wa vikao vya ruba ni mwezi mmoja wa kuchelewa.

Wapo watakaoniambia kuwa kutoa damu ni tiba ya Mtume. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inataja shifaa katika mambo matatu: asali, kuumikwa, na kuchoma kwa moto, na hilo la mwisho Mtume aliukataza umma wake. Kinachotajwa hapo ni hijama, kazi ambayo wazee wetu waliifanya kwa chuku, pembe ya kuumikia, na mumishi, fundi wa kuumika, anayejulikana mtaani. Ruba hatajwi. Ibn Sina alimwandika ruba katika Kanuni yake ya tiba, akaonya kuwa baadhi ya ruba wana sumu na wachaguliwe kwa makini. Kuibebesha hadithi ya hijama kazi ya kumtangaza ruba wa dimbwini ni kuipigia chuku, kwa maana ya pili ya maneno hayo: kutia chumvi.

Serikali nayo ina deni. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima ya tiba asili na tiba mbadala, na inataka kuwe na chombo cha kuisimamia. Kwa mgonjwa wa kawaida wa Malindi au Faza, sheria hiyo bado haijawa mlango anaoweza kuubisha akauliza: huyu tabibu amesajiliwa? Kupiga marufuku moja kwa moja kutaisukuma kazi vyumba vya ndani. Ningependa zaidi kuona masharti machache yanayokaguliwa: ruba wa kufugwa, mgonjwa mmoja kwa ruba, kipimo cha damu, na katazo kamili kwa kidonda cha kisukari, mjamzito, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Na tukisema tunataka ruba kama wa Marekani, basi tutaje pia kilichoko nyuma yake. Seremala wa Lamu akikatwa kidole leo, ni boti hadi Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 300 za barabara hadi Mombasa. Kidole chake kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko ndio uwekwe juu ya barafu, barafu yenyewe isikiguse. Barafu tunayo, wavuvi wanayo kila siku. Daktari wa kuunga mishipa ndiye hatuna, na ruba hana kazi ya kufanya kabla ya daktari huyo.

Nilimwandikia mjomba ujumbe mrefu unaofanana na huu. Alijibu kuwa Malindi hatakwenda, lakini goti bado linamuuma, na hilo sikulijibu. Jumatatu nampeleka kliniki ya kisukari apimwe figo, na mapigo ya damu miguuni. Ameomba awe yeye mwenyewe wa kumuuliza daktari kuhusu ruba wa goti, kwa mdomo wake, nami ninyamaze. Nimekubali.