Mzee, ile barua bado naisubiri

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye kikao cha msiba hapa Houston. Viatu vimejaa mlangoni, akina mama wako jikoni, chupa za chai zinapita. Tukafika kwenye kugawana kazi: nani awapokee ndugu uwanja wa ndege, nani apike, nani ashike daftari la rambirambi. Mtoto wa kaka yangu akanyoosha mkono, akasema daftari atashika yeye. Mzee mmoja, ambaye nimemheshimu tangu nilipokanyaga nchi hii, akajibu bila kumtazama: "Hela za watu tumpe mwingine. Huyu jeshi lenyewe lilimfukuza."

Hakuna aliyesema kitu. Mimi pia sikusema, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kijana akashusha mkono taratibu, akatoka nje kupanga viti.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, kwa hiyo yale niliyonyamaza nayo pale nayaandika hapa.

Ndiyo, aliachishwa jeshi. Aliingia 2010 na grini kadi yake, ana miaka 20, na kiapo cha uraia akala hukohuko kambini mwisho wa mafunzo ya awali. Mwaka 2012 wakampeleka Afghanistan, mkoa wa Kandahar. Aliporudi mwanzoni mwa 2013, likizo yake ya kwanza aliitumia kwangu. Nilimtandikia kitanda chumba cha wageni, shuka mpya. Usiku wa manane naamka kunywa maji, namkuta jikoni, kalala sakafuni, mgongo kaubana kwenye friji. Nikamwuliza, mwanangu, kulikoni? Akasema, "Shangazi, kule chumbani kumetulia mno. Hapa angalau kuna kitu kinanguruma."

Alilala pale siku zote kumi na moja. Siku ya tatu nilinunua godoro jembamba nikamwekea, na sikumwambia mtu yeyote.

Mwishoni mwa mwaka ule ndiyo bangi ikaingia. Akapimwa mkojo, ikaonekana. Akapimwa tena, ikaonekana tena. Akawa anachelewa gwaride la asubuhi, akamjibu sajenti wake vibaya mbele ya wenzake. Mwaka 2014 wakamwandikia: utovu wa nidhamu, aondoke, na cheti kiwe cha chini ya heshima, wenyewe wanakiita other than honorable. Jeshi likitaka kumpa mtu cheti cha namna hiyo bila kumfikisha mahakama ya kijeshi, mtu huyo ana haki ya kusimama kwanza mbele ya bodi, na wakili pembeni yake, ajieleze. Yeye alitia sahihi kwamba haitaki haki hiyo. Nilipomwuliza kwa nini, aliniambia alichotaka wakati ule ni kulala tu, na karatasi ile ndiyo iliyokuwa njia fupi ya kufika nyumbani.

Walioishika DD 214, ile karatasi ya kuondokea jeshini, wanajua: kisanduku namba 24 kinasema umeondoka na cheti gani, namba 28 kinasema kwa nini. Kuna nakala fupi isiyo na visanduku hivyo, na nakala ndefu iliyo navyo. Alipoomba kazi ya ghala mara ya kwanza, alipeleka ile fupi. Dada wa ofisini akaisoma, akamshukuru kwa kulitumikia taifa, kisha akamwomba amletee ndefu. Kijana akasema anaifuata kwenye gari. Akaingia kwenye gari, akawasha, akaja nyumbani.

Sitamtetea kwenye kosa. Bangi jeshini alijua hairuhusiwi. Kamanda ana watu wa kuwalinda, na askari asiyeamka kwa wakati anaweza kusababisha kifo cha mwenzake. Hata Mzee ana haki ya kuuliza nani anashika hela za marehemu. Nayakubali yote hayo. Ninachokataa ni kwamba miezi michache ya 2013 na 2014 iwe ndiyo jina la mtu hadi anaingia kaburini, wakati sheria ya nchi hiihii imeweka mlango wa kuomba cheti kiangaliwe upya, na mlango huo umekuwepo tangu 1944, katika sheria ileile iliyowapa askari wa vita vya pili vya dunia hela za shule.

Na nawaambia ndugu zangu kwa uchungu: mlango ule vijana wetu wanashindwa kuupita kwa sababu yetu sisi.

Mwaka 2016 alijaza fomu ya maombi, DD 293, peke yake, kwa siri. Nimeiona nakala yake mwaka huu. Mahali pa kueleza kwa nini cheti kibadilishwe ameandika mistari mitatu: nilikuwa kijana, nimejuta, naomba nafasi nyingine. Hakuna Kandahar, hakuna friji, hakuna barua hata moja. Wakamkatalia. Wangemkubalia kwa lipi? Nilipomwuliza mbona hukuniambia nikuandikie, alinijibu, "Shangazi, ningeanzaje kukueleza kwamba nimefukuzwa?" Miaka miwili nzima alikuwa ametuambia mkataba uliisha.

Sasa sikilizeni bodi zinazopitia maombi hayo zimeagizwa kutazama nini. Mwaka 2014 waziri wa ulinzi wa wakati huo, Chuck Hagel, alitoa waraka kwamba maombi ya wenye PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaomshika mtu baada ya kupitia mambo ya kutisha, yatazamwe kwa mkono mwepesi, hasa wale wa Vietnam ambao enzi zao ugonjwa huo haukuwa na jina. Agosti 2017 ukaja waraka mwingine ulioweka maswali manne. Je, mtu huyu alikuwa na hali au alipitia jambo linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Je, lilitokea akiwa bado jeshini? Je, kweli linapunguza? Na je, lina uzito kuliko kosa lenyewe? Waraka huo unasema cheti cha heshima hakimlazimu askari awe hana doa hata moja. Unasema bangi leo inaweza kuonekana kosa jepesi kuliko ilivyoonekana zamani. Unasema maneno ya askari mwenyewe, hata peke yake, yanaweza kutosha kuonyesha kwamba hali ile ilikuwepo. Na unasema ushahidi unaweza kutoka kwa ndugu, marafiki, aliyelala naye chumba kimoja, mfanyakazi mwenzake, hata kiongozi wake wa dini.

Someni tena orodha hiyo. Ndugu, rafiki, imamu. Ni sisi. Serikali ya Marekani inasema iko tayari kumsikiliza shangazi aliyemkuta mtoto amelala kando ya friji, na shangazi mwenyewe amekaa kimya kwa miaka zaidi ya kumi kwa sababu anaogopa watu watasema kijana wa kina fulani amechanganyikiwa. Mimi ndiye niliyenunua godoro. Nilikuwa nimeshika ushahidi mkononi nikadhani nimeshika aibu.

Tena si mtoto wetu peke yake. Wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, walihesabu mwaka 2017 askari 91,764 walioondolewa kwa utovu wa nidhamu kati ya mwaka wa fedha 2011 na 2015. Asilimia 62 kati yao madaktari walikuwa wameshawakuta, ndani ya miaka miwili kabla ya kuondolewa, na PTSD, jeraha la ubongo, au hali nyingine inayoweza kumfikisha mtu kwenye utovu wa nidhamu. Hao ni wale waliokwenda kwa daktari. Wa kwetu wangapi walikwenda? Wa kwetu aliambiwa asali, aoe, yatapita.

Kuna maneno mengine yanazunguka kwenye simu zetu kwamba cheti kinajibadilisha chenyewe baada ya miezi sita. Ni uongo. Hakibadiliki hadi uombe. Na kwa bodi hii ya mapitio una miaka 15 tangu siku uliyoachishwa. Ikipita hapo unakwenda bodi ya masahihisho, fomu nyingine, DD 149, njia nyingine yenye masharti yake.

La uraia lina uzito zaidi, na silidharau. Shemeji yangu mmoja aliniambia, "Msiamshe aliyelala. Wakilifungua faili wataona uraia aliupata jeshini, watamnyang'anya." Sheria kweli inaruhusu: aliyepata uraia kwa njia ya jeshi akaondolewa kwa cheti cha chini ya heshima kabla hajatimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima, uraia wake unaweza kufutwa. Lakini faili hilo liko mkononi mwao tangu 2014, hatuwafichulii chochote. Kinachoweza kuiondoa hofu hiyo ni cheti kupanda. Nilimpeleka kwa wakili kabla hatujagusa karatasi yoyote, na kila mwenye hali kama yake namwomba afanye hivyo kwanza. Kuna mawakili wanaowasaidia askari wa zamani bila malipo. Waulizwe.

Na wanaoniambia jeshi halirudi nyuma kwenye neno lake, nawaomba wakienda Memorial Park kuchoma nyama wakumbuke wako wapi. Pale palikuwa kambi ya jeshi, Camp Logan. Agosti 1917 askari weusi wa kikosi cha 24 cha miguu, wakiwa wamechoshwa na polisi wa mji huu na sheria zake za ubaguzi, waliingia mitaani usiku na bunduki, na watu wakafa. Mahakama za kijeshi ziliwatia hatiani askari 110, na 19 wakanyongwa, 13 wa kwanza kwa siku moja, kabla hata hawajapewa nafasi ya kukata rufaa. Novemba 2023 jeshi lilizifuta hukumu zote 110, likasema mashauri yale hayakuwa ya haki, na likaagiza kumbukumbu zao zisomeke kwamba walitumikia kwa heshima. Miaka 106. Ilitokea kwa sababu ndugu zao na wanasheria wa hapahapa Houston walikaa wakaandika maombi, na bodi ya masahihisho ya jeshi ikayasoma. Ndugu wa watu walionyongwa hawakuona haya kutaja majina yao hadharani. Sisi wetu yuko hai, anapanga viti nje, na tunaona haya.

Mwaka huu nimetafuta barua tano za kumtetea mbele ya bodi. Nimepata mbili. Mmoja alisema hataki mambo ya serikali. Mwingine alisema, "Utaandika mwanao ni mgonjwa wa akili, halafu nani atampa mke?"

Barua ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya mama yake, wifi yangu, yuko Muheza. Aliiandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari la shule, pande mbili, akaipiga picha, akanitumia kwa simu. Anasema mwaka ule mwanawe alikuwa anampigia usiku wa huku, asubuhi ya kule, halafu haongei. Anasema, "Nilikuwa nasikia mngurumo tu, nikamwuliza ni nini hicho, akasema friji, mama. Nikamwambia basi usikate, na mimi sikati. Tukakaa hivyo mpaka salio likaisha." Mimi sikuwahi kumwambia wifi habari za friji. Niliisoma barua ile nikiwa nimeegesha gari nje ya kazini, nikachelewa kuingia zamu.

Aliyekataliwa kwa karatasi bado anaweza kuomba kufika mwenyewe mbele ya bodi, na yeye ameomba. Watamwona kwa video, mwezi ujao, na mimi nitakuwa shahidi wake. Tumeanza mazoezi: ananieleza Kandahar, mimi nasikiliza, akikwama tunanywa chai tunaanza tena. Juzi alifika hadi mwisho kwa mara ya kwanza.

Inabaki ile barua ya tatu, na hapa Mzee wangu naongea nawe, maana najua wajukuu watakusomea.

Idi ya mwaka 2013 tulikula kwako. Vijana walikuwa wanahamisha sufuria kubwa la pilau gereji, likawaponyoka, likapiga zege. Wote tulishtuka tukacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amemlalia mjukuu wako mdogo sakafuni, amemfunika mwili mzima, mikono yake juu ya kichwa cha mtoto, na hakutaka kunyanyuka. Ni wewe uliyepiga magoti ukamnong'oneza hadi akaachia. Ulimkalisha, ukamnywesha maji kwa mkono wako, ukatuambia sote tutoke. Kijana alikuwa bado askari siku hiyo. Hakuna daktari aliyeandika, hakuna kamanda aliyeona. Umeona wewe.

Ukurasa mmoja unatosha. Weka tarehe, sema sufuria lilivyoanguka na ulimkuta amemfunika nani, weka jina lako na sahihi. Andika Kiswahili hikihiki, nitampa mtafsiri. Ijumaa nitapita kwako baada ya sala, nitakuja na kalamu na bahasha.