Lampard kocha: jina lilimbeba au lilimponza?

Frank Lampard, nyota wa zamani wa Chelsea aliyegeuka kocha, akipoteza mechi mbili mfululizo, maneno ni yale yale: huyu alipewa timu kwa sababu ya mabao aliyofunga, wala si kwa sababu anajua kufundisha. Nusu ya kwanza ya maneno hayo siipingi. Nusu ya pili ndiyo yenye mjadala.

Mabao yalikuwa 211 akiwa Chelsea, na ni kiungo, si mshambuliaji. Hakuna aliyewahi kuifungia klabu hiyo mengi zaidi. Alitundika daluga Februari 2017, akapewa Derby County ya daraja la pili Mei 2018, na Julai 2019 akawa tayari amekalia kiti cha ukocha Stamford Bridge, nyumbani kwa Chelsea. Msimu mmoja tu wa ukocha, tena ulioishia kwa kufungwa 2-1 na Aston Villa katika fainali ya mtoano wa kupanda Ligi Kuu. Kocha asiye na jina, kwa matokeo hayo hayo, angebaki Derby akijifunza kazi.

Lakini tukumbuke Chelsea ya mwaka ule ilikuwaje. FIFA ilikuwa imeifungia kusajili na Eden Hazard alikuwa ameuzwa Real Madrid. Lampard akawageukia chipukizi wa akademi: Mason Mount, Tammy Abraham, Reece James, Fikayo Tomori. Akamaliza nafasi ya nne na kucheza fainali ya Kombe la FA. Wanaosema alibebwa na jina huuruka msimu huu haraka mno.

Wanaomtetea nao wana wanachokiruka: mabao 54 ya kufungwa katika ligi msimu ule. Hakuna timu nyingine iliyomaliza ndani ya kumi bora iliyoruhusu mengi kiasi hicho. Husingiziwa Kepa Arrizabalaga, na kweli, kipa aliyenunuliwa kwa bei kubwa kuliko kipa yeyote duniani alifikia kupokwa namba na mkongwe Willy Caballero. Ila kipa hahusiki na timu inayopanda kushambulia kwa wingi, ikipoteza mpira inaacha katikati peupe na mabeki wanakimbia huku wakitazama lango lao wenyewe. Hilo ni la benchi la ufundi. Lilionekana Chelsea, na Everton, alikokwenda baadaye, likaonekana tena.

Januari 2021 kibarua kikaota nyasi. Chelsea ilikuwa ya tisa, pointi 29 katika mechi 19, baada ya kumwaga zaidi ya pauni milioni 200 kwenye usajili wa kiangazi. Akaja Thomas Tuchel. Bila kusajili mtu alipanga mabeki watatu wa kati, akamrudishia Antonio Rüdiger namba aliyokuwa ameipoteza, na Mei akabeba Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga Manchester City 1-0. Pasi ilitoka kwa Mount, bao likafungwa na Kai Havertz aliyesajiliwa enzi za Lampard. Kila upande huitumia fainali ile kama ushahidi wake. Mimi naona inamuumiza Lampard zaidi ya kumsaidia: wachezaji walikuwepo, kilichokosekana ni mpangilio.

Everton aliinusuru isishuke daraja mwaka 2022, usiku ule walipotoka nyuma 2-0 na kuifunga Crystal Palace 3-2, kisha akatimuliwa Januari iliyofuata ikiwa ya pili kutoka mkiani. Kurudi Chelsea kama kocha wa muda Aprili 2023 sitaki hata kukujadili sana: mechi 11, ushindi mmoja. Alikubali kazi ambayo mtu anayelinda wasifu wake angeikataa, na aliitwa kwa sababu ya sifa za enzi zake uwanjani. Hapo jina lilimponza.

Akakaa nje karibu mwaka mmoja na nusu. Novemba 2024 Coventry City wakamchukua wakiwa nafasi ya 17 katika daraja la pili la Uingereza, na safari hii jina halikumpa heshima yoyote. Mashabiki walikuwa na hasira kwa kufukuzwa Mark Robins, aliyewapandisha kutoka daraja la nne. Lampard akaifikisha timu nafasi ya tano, akatolewa na Sunderland katika nusu fainali ya mtoano kwa bao la dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza.

Wasiomkubali wakasema kikosi kilikuwa cha Robins. Sawa, lakini basi wawe na mizani moja. Kama Tuchel anastahili sifa kwa kukinyoosha kikosi alichokikuta, Lampard naye anastahili kwa alichofanya Coventry. Na kama kombe la Tuchel kwa sehemu ni jasho la Lampard, basi nafasi ile ya tano kwa sehemu ni jasho la Robins. Wengi huchagua mizani kulingana na jina wanalolichukia.

Ninachokitilia shaka bado ni kimoja. Katika klabu zote hizo, hakuna alikokaa misimu miwili kamili mfululizo. Derby aliondoka mwenyewe, Chelsea na Everton wakamwondoa. Sijui atafanya nini wapinzani wakishamsoma na wachezaji wakishaizoea sauti yake, na hilo Coventry ndio wa kwanza walio na nafasi ya kulionyesha.